Dau Lililowekwa Mlimani

Mwaka 1977, katika majira ya baridi, tulipoteza dau letu, na kabla baridi haijaondoka tukampoteza na mama. Naanza na dau kwa sababu ndilo lililotangulia. Na kwa sababu juzi mjukuu wangu alitia chupa ya maji ndani ya friza ipate kupoa upesi, akaisahau, na nilipokuwa nachemsha chai asubuhi nikaisikia ikipasuka. Si mlio mkubwa. Ni kama mtu aliyevunja ukuni mkavu kwa goti, chumba cha pili, mlango umefungwa. Watoto walicheka, wakakimbilia kuokota vigae. Mimi nilizima jiko nikakaa kitako, maana mlio ule niliwahi kuusikia mara moja tu maishani mwangu, na siku ile haukutoka kwenye chupa.

Sisi tulikuja Oman kutoka Pemba, mimi nikiwa bado nabebwa. Baba kwa nasaba alikuwa mtu wa milimani, kule wilaya ya Dima wa Tayyin. Babu yake ndiye aliyeshuka zamani akaenda kulima karafuu. Mama alikuwa mtoto wa fundi wa madau. Baba yake alikuwa akiunda na kukalafati, yaani kuziba nafasi zilizo baina ya mbao kwa pamba na mafuta ili maji yasipenye, na mama alikulia chini ya madau kama watoto wengine wanavyokulia uvunguni mwa vitanda. Kwa hiyo tulipofika tulikaa Sur. Baba alipata kazi ya udereva. Mama alisema angalau hapa nikiamka nasikia maji.

Dau tuliliunda hapo Sur, uani. Nasema tuliliunda, lakini mikono ilikuwa ya baba na akili ilikuwa ya mama. Alikuwa akikaa juu ya mbuzi ya nazi, anakuna, na huku jicho halimtoki baba. "Hapo umepinda." Baba anasema hajapinda. "Umepinda, Baba Raya. Mimi sijui kusoma, lakini kupinda nakujua." Baba anateremka, anafumba jicho moja, anautazama ubao, kisha anaung'oa. Likatoka dau dogo la tanga moja, tukalipaka sifa, yale mafuta ya papa, ndani na nje, na chini tukalipaka deheni ya chokaa na shahamu mpaka likawa jeupe kama soksi. Ijumaa baada ya sala tulikuwa tukitoka nalo, mama kwenye usukani, buibui lake kalifunga kiunoni. Watu walisema. Mama aliwaacha waseme.

Halafu kifua kikamshika. Alianza kukohoa msimu wa joto, akawa anaamka na shuka imelowa jasho. Jamaa wa baba walipokuja kumtazama wakasema ni unyevu wa Sur, hewa ya pwani ni nzito, mpelekeni mlimani akapumue hewa kavu. Nyumba ya wazee wa baba ilikuwapo kule, ya mawe na udongo, na sehemu yake ya maji ya falaji, ule mfereji unaotoka ndani ya mwamba na kugawiwa kwa zamu. Palikuwa panatafutwa mtu wa kuendesha gari la skuli mpya. Kila kitu kikaonekana kimejipanga chenyewe.

Mama ndiye aliyekataa. Hakukataa kwenda, alikataa kuliacha dau.

"Ukiliacha hapa utaliuza," alimwambia baba.

"Siliuzi."

"Utaliuza. Watakuja watu na maneno matamu, na wewe hujui kusema hapana. Usiache mbachao kwa msala upitao. Dau likishakwenda kwa watu, najua na mimi sirudi tena baharini."

"Basi twende nalo huko huko mlimani," baba akasema, kwa mzaha.

Mama hakucheka. Baba akamtazama, na mzaha ukaisha hapo hapo. Ndipo alipoweka ahadi ambayo sisi sote tuliishi ndani yake miezi ile: tutalipandisha dau, tutaliweka vizuri baridi yote, na joto likianza tu, kifua kimeshapona, tutalishusha mpaka Sur na mama atakaa tena kwenye usukani. Dau likawa rehani ya kurudi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilielewa hivyo: dau likiwa zima, mama atapona.

Lilipandishwa lori mpaka Ibra, na kutoka Ibra likafungwa juu ya gari aina ya Landrova, limezidi mbele na nyuma, mlingoti umefungwa ubavuni. Njia ilipokwisha, wanaume wa kijiji wakashuka kulipokea. Walipitisha miti chini yake wakalibeba mabegani kama jeneza, nami nikaona vibaya kufikiri hivyo, nikatema mate pembeni kama mama alivyonifunza. Watoto wa kijiji walitufuata nyuma wakipiga kelele. Wengi wao hawakuwahi kuona bahari, na dau walikuwa hawalijui kwa jina.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja akiitwa Khalfan, mfugaji wa mbuzi, mwenye ndevu zilizopakwa hina na mdomo usiopumzika. Alilizunguka dau, akaligonga kwa fimbo, akamuuliza baba, "Umesikia habari gani huko pwani ambayo sisi hatukuambiwa? Gharika inakuja?"

Wenzake wakaangua kicheko.

Baba alikijua Kiarabu chao. Akamjibu, "Nabii Nuhu naye walimcheka, ammi Khalfan."

"Walimcheka, ndiyo. Lakini yeye alichukua na mbuzi. Nitakuletea wangu, dume na jike, unihifadhie nafasi."

Tangu siku hiyo dau letu likaitwa safina, na Khalfan kila akipita asubuhi alikuwa akibisha hodi na kuuliza kama mawingu yamekusanyika. Mama kule ndani akicheka mpaka akikohoa.

Tuliliweka uani, juu ya magogo, chini ya kipenu cha majani ya mtende, tukalifunika kwa majamvi. Harufu ya sifa ilienea kijijini, mbuzi wakawa hawapiti karibu. Baba aligeuza kitanda cha mama kikaelekea mlangoni, ili mlango ukiwa wazi alione.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri. Hewa ilikuwa kavu kweli, mama akalala bila kuloa. Alipata nguvu akapika mkate wa kumimina, akampelekea mke wa Khalfan kipande, na yule akaturudishia makomamanga ndani ya sahani ile ile. Lakini hewa iliyomfaa mama haikulifaa dau. Siku moja aliniita nimsaidie kutoka nje, akafunua jamvi, akapitisha ukucha baina ya mbao mbili. Ukucha ukaingia.

"Linakauka," akasema. "Mbao zinajikunja. Dau likikauka hivi hufa, Raya. Ukilishusha majini linakunywa kama kikapu."

Kwao Pemba, dau likikaa nchi kavu muda mrefu hutiwa maji ndani, kiasi cha kufunika chini, ili mbao zinywe, zivimbe, zibanane. Baba yake alifanya hivyo, na baba wa baba yake. Jioni ile mama alimwambia baba, na siku ya zamu yetu ya falaji baba hakuyapeleka maji yote kwenye mindimu yetu. Tulichota. Baba kwa ndoo, mimi kwa kopo la samli. Maji ya falaji yalitoka mwambani yakiwa na uvuguvugu, asubuhi yanafuka kama uji. Nakumbuka jinsi mvuke ulivyopanda kutoka ndani ya dau na mama kakaa mlangoni, kajifunika blanketi, anatuelekeza. "Taratibu. Msimwage kama mnaosha gari. Mbele zaidi, mbele kuna kiu."

Khalfan alituona akaacha mbuzi wake njiani. Safari hii hakuuliza mawingu.

"Maji haya yatakaa humu usiku?"

"Yatakaa baridi yote," baba akasema.

"Yatoe. Shitaa, baridi yetu hii, ikikaza, sisi tunamwaga mitungi kila jioni. Ukilala na maji ndani ya mtungi unaamka na vigae."

Baba akaja akamweleza mama. Nakumbuka walivyolijadili, maana hawakulipuuza. Mama alifikiri kidogo, akasema mtungi ni udongo, hauna pa kwenda ukibanwa. Dau ni mbao, na mbao hunyumbuka. Hata mawimbi huyakubali, sembuse maji yaliyolala? Baba naye akaona ni kweli. Ilikuwa kweli, kwa nchi waliyotoka. Hakuna aliyewahi kuona maji ya Pemba yakigeuka jiwe, na fundi wa madau hakumfunza binti yake jambo asilolijua mwenyewe.

Baridi iliyokuja wazee wenyewe wa kijiji waliistaajabia. Upepo ulishuka kutoka juu usiku na haukuondoka mchana. Majani ya birsimu, chakula cha mbuzi, yakageuka meusi shambani. Tuliamka tukakuta kingo za falaji zina kitu cheupe kama chumvi, nami nikakitia mdomoni, kikapotea. Mama alirudiwa na kikohozi, na kilikuwa kingine, cha chini zaidi. Baba alimshusha Ibra, akapigwa sindano, akapewa chupa ya dawa, akarudi. Tulihamishia seredani ya makaa chumbani kwake, tukawa tunalala sote humo, nguo zetu zote tumezivaa.

Alfajiri moja, baba akiwa anatia udhu kwa maji aliyoyapasha, tukasikia mlio ule. Ukuni mkavu kwa goti. Halafu kimya, halafu mwingine, mdogo.

"Nini hicho?" mama akauliza.

Baba alitoka. Nikamfuata. Alikuwa amefunua jamvi na amesimama tu, maji yanamdondoka mikononi. Ndani ya dau mlikuwa na ubao mweupe wa barafu, umefura katikati kama mkate. Maji yalikuwa yameingia katika kila nafasi ya kalafati na kila tundu la msumari, na huko nako yakawa jiwe, yakazisukuma mbao kila moja upande wake. Ubao ulio karibu na mkuku, ule uti wa chini wa dau, ulikuwa umepasuka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Pamba ya kalafati ilichomoza nje. Baba aliitia kidole kuirudisha, ikarudi ikachomoza.

Akalifunika tena dau, akalikaza jamvi kwa kamba pande zote, akanishika bega. "Hukuona kitu," akaniambia. Tukaingia ndani.

"Ni jiwe limeporomoka kule juu," akamwambia mama. "Hakuna kitu."

"Dau?"

"Liko salama."

"Lina maji?"

"Lina."

Adhuhuri jua lilitoka, barafu ikaanza kuyeyuka. Baba alikuwa kwenye gari la skuli. Nilikuwa nimekaa na mama, namchezea nywele zake, ndipo maji yakaingia taratibu chini ya mlango, kama ulimi, yakafika kwenye mkeka ulio chini ya kitanda. Mama aliteremsha mkono akayagusa. Akanusa vidole vyake. Kisha akavifuta kwenye blanketi, akaniambia, "Nitilie chai, mwanangu, utie na tangawizi."

Baba aliporudi jioni jambo la kwanza mama alilomuuliza lilikuwa hilo. "Dau lina maji?"

"Lina."

"Basi vizuri."

Ikawa hivyo kila siku. Anauliza, anajibiwa, anasema basi vizuri. Na baba kila asubuhi alichukua ndoo, akaenda nayo uani, akaigonga gonga kwenye magogo ili mama asikie kuwa dau linaangaliwa. Ndoo ilikuwa tupu. Khalfan alimkuta siku moja akifanya hivyo. Alisimama, akaitazama ndoo, akautazama mlango wa mama, akaondoka. Tangu hapo hakusema tena neno safina.

Mvua ilinyesha juu, bonde likajaa, njia ya Ibra ikakatika. Baba alisema ataomba wanaume wambebe mama juu ya kitanda wapite kwa miguu. Mama alikuwa hana tena sauti, anasema kwa pumzi.

"Chombo cha kuzama hakina usukani, Baba Raya. Niache nipate moto."

"Usiseme maneno hayo mbele ya mtoto."

"Mtoto wa madau huyu. Anayajua."

Mimi nilidhani anataja dau letu, nikaogopa kuwa nimelisema usingizini. Nilitaka kumwambia kuwa baba atalitengeneza. Sikusema, maana niliambiwa sikuona kitu.

Alifariki asubuhi, bonde likiwa bado limejaa. Mke wa Khalfan na wanawake wenzake wakaja kumwosha, kwa maji ya falaji yanayofuka. Mimi nilitolewa nje, nikakaa ukutani, nikawasikia wanaume wakipanga mambo ya kaburi.

Kule mlimani maiti akishalazwa ndani ya mwanandani, uvungu unaochimbwa ubavuni mwa kaburi, huzibiwa kwa mawe bapa. Kwetu huzibiwa kwa ubao, nao huitwa kiunza. Baba aliwaambia hivyo, sauti yake ikiwa chini sana.

"Mawe hayaozi," mzee wa msikiti akamwambia. "Na yako tayari."

"Najua. Lakini kwao yeye huwekewa mbao."

"Si haramu. Lakini sasa hivi, bonde limejaa, mbao utazipata wapi?"

Nikaona macho yao, mmoja mmoja, yakienda kwenye kipenu.

Khalfan ndiye aliyeondoka kwanza. Alirudi na shoka na koleo la kung'olea misumari. Baba akalivua dau majamvi, na hapo ndipo watu wote walipoona namna lilivyopasuka, na hakuna aliyesema tulikuambia. Walifanya kazi kwa upole. Misumari ilitoka ikilia. Baba aliwaonyesha ubao upi ulishikwa na upi, nao wakazichukua mbao za ubavuni, zilizopindika kidogo, wakazikata kwa urefu wa kaburi.

Nimeishi miaka mingi nikidhani kuwa baba alimdanganya mama na mama akafa na matumaini. Nilipozaa wa kwanza, nikawa nimelala kitandani mume wangu ananiambia kila kitu kiko sawa na huku naona usoni mwake kuwa hakiko sawa, ndipo nilipovikumbuka vile vidole. Binti wa fundi wa madau haulizi maji yanayonuka sifa, yaliyoingia chini ya mlango, yametoka wapi. Hahitaji kutoka nje kuujua mlio wa ubao. Alijua tangu alfajiri ile. Aliuliza kila jioni si kwa kuwa alitaka kujua. Aliuliza ili baba apate la kumjibu, awe na kazi ya kufanya asubuhi na ndoo yake. Nami nilidhani baba ndiye anayemwuguza.

Kama baba alijua kuwa mama anajua, siwezi kusema. Aliishi muda mrefu baada yake na hatukulizungumza. Alikuwa mtu akiulizwa jambo anakwenda kutazama kama mlango umefungwa vizuri. Katika joto tulishuka Sur sisi wawili, na mkuku tukauacha uani kwa Khalfan, akaufanya kizingiti cha zizi.

Siku ile ya maziko walimtoa mama kabla ya alasiri. Wanawake na watoto hawafuati, kwa hiyo nilisimama mlangoni. Jeneza lilitangulia na baba chini yake. Nyuma yake walipanda wanaume wa kijiji, wale wale waliolipandisha dau, kila mmoja kabeba ubao kwapani, na upande wenye deheni uking'ara juani. Khalfan alikuwa wa mwisho. Alikuwa na ubao mfupi wa upande wa mbele. Alifika kwenye lango la ua akasita, akaugeuza huku na huku, kisha akarudi mpaka niliposimama akainama.

"Raya, binti yangu. Upande upi ulikuwa wa ndani? Huo ndio umwelekee mama yako."

Nikaweka mkono wangu juu yake, upande usiopakwa chokaa. Khalfan akaokota kaa lililozimika, akachora mstari pale nilipogusa, asije akakosea huko juu, akauchukua ubao akaharakisha kuwafuata wenzake.